Sakafu kwanza, kompresa baadaye: kugeuza gereji ya gari kuwa karakana ya pikipiki

SWALI: Hujambo fundi. Naishi Nyamasaria, Kisumu, kwenye ploti yetu wenyewe. Kando ya nyumba kuna gereji ya gari moja, upana futi 10, urefu futi 18, kuta za mawe, paa la mabati, mlango wa chuma mbele na mlango mdogo wa kuingia jikoni. Gari tuliliuza zamani. Sakafu imepasuka vibaya, imejaa madoa ya oili, na katikati kuna lile shimo la kukagulia gari kwa chini. Mwanangu amesomea umekanika na amefanya kazi chini ya fundi wa pikipiki pale Kondele. Sasa anataka kujitegemea. Chama kimenipa laki mbili. Yeye anataka tununue kwanza meza ya kuinulia pikipiki na kompresa. Mwashi anasema atapiga plasta juu ya sakafu iliyopo na siku moja itamtosha. Nimsikilize nani? Na mlango wa jikoni tuuache?

JIBU: Mama, hongera kwa kumwezesha kijana. Kwa swali lako, nitawapinga wote wawili, mwanao kwa upole na mwashi bila upole.

Kompresa, meza, spana za aina zote na kivuta magneto vinaweza kununuliwa kimoja kimoja, kwa hela ya kazi inayoingia. Sakafu haiwezi. Siku mtakapofunga meza chini kwa bolti, mkatundika rafu na kuanza kupokea pikipiki, sakafu mbovu mtakaa nayo, kwa sababu kuivunja wakati huo ni kufunga biashara mwezi mzima huku wateja wakizoea fundi mwingine. Kwa hiyo sehemu kubwa ya hiyo laki mbili inafaa kwenda chini ya miguu, inayofuata iende kwenye hewa na stima, kisha zana zipewe kinachosalia. Najua kijana hatafurahi.

Tuanze na mwashi. Sakafu yako haikupasuka kwa uzee. Nyamasaria iko ukingoni mwa tambarare ya Kano, na udongo wa huko unaujua: mweusi, unaonata kwenye gumboti wakati wa mvua, na ikifika Februari unafunguka nyufa za kuingiza mkono. Ukinywa maji unavimba, ukikauka unasinyaa. Kila msimu unainua sakafu upande mmoja na kuiacha ikining'inia upande mwingine. Kupiga plasta juu yake ni kumpaka mgonjwa poda. Ufa wa chini utatokea juu mvua za Machi zikianza. Halafu kuna oili. Simiti mpya haishiki kwenye zege lililokunywa oili kwa miaka, hata likisuguliwa kwa sabuni ya unga na brashi ya waya. Itashika wiki chache, kisha itaanza kubanduka vipande vipande pale hasa gurudumu linapopita. Hiyo siku moja ya mwashi utailipia mara mbili.

Kinachotakiwa ni kuvunja na kutoa yote. Gereji ya ukubwa huo, vijana wawili wenye nyundo na mitaimbo wanaimaliza bila shida. Vipande vya zege vilivyo safi visitupwe, vitafaa kujazia. Vilivyolowa oili vitoke nje kabisa.

Chini ya sakafu chimbeni ule udongo mweusi kwa kina cha futi moja hadi moja na nusu, lakini kabla ya jembe la kwanza mwashi afukue kando ya ukuta mahali pamoja aone msingi umeshuka kiasi gani. Msichimbe chini ya kitako cha msingi. Kuna kuta zilizoinama kwa sababu mtu alitaka sakafu nzuri. Kama msingi ni wa juujuu, kando ya ukuta chimbeni kidogo, katikati ndiyo mshuke zaidi.

Udongo mweusi wenyewe hamtaumaliza. Mahali pengine huko unashuka mita kadhaa. Nia ni kuuweka mbali na sakafu na kuuzuia usibadilike-badilike. Jazeni marramu, si yote kwa mkupuo. Weka kama sentimita 15, nyunyizia maji kidogo, shindilia, kisha safu nyingine. Hapa ndipo mafundi wengi hudanganya, kwa sababu marramu iliyomwagwa yote mara moja na kushindiliwa juu inaonekana sawa kabisa na iliyoshindiliwa safu kwa safu. Tofauti huonekana mwaka unaofuata. Kaa hapo na kiti chako, Mama. Kukodi mashine ya kushindilia kwa siku moja ni pesa iliyotumika vizuri.

Lile shimo la kukagulia nalo lijazwe, na mjadala usiwepo. Pikipiki haihitaji shimo, inainuliwa. Shimo lenyewe ni hatari kuliko watu wanavyodhani, na sababu nitaieleza nikifika kwenye hewa. Likijazwa liwe kwa safu zile zile, maana likijazwa ovyo sakafu mpya itabonyea katikati kwa umbo lile lile la shimo, na kila atakayeingia atajua kulikuwa na nini.

Juu ya marramu kunatandikwa karatasi ya nailoni nyeusi, ile nzito ya geji 1000, ipande kidogo kwenye kuta. Juu yake waya wa BRC, ule wavu wa chuma wa kuimarisha zege. Waya huu mafundi huulaza juu ya nailoni na kumwaga zege juu yake wakiukanyaga, na hapo umenunua waya wa kuzika tu. Inatakiwa ukae ndani ya zege, karibu na juu kuliko chini, kwa hiyo ukalishwe juu ya vitofali vidogo vya simiti vya kama sentimita 6. Waya wa saizi ya A142 unatosha sana kwa kazi yenu. Zege liwe nene inchi 4.

Hesabu yake ni hii. Futi 10 kwa 18 kwa inchi 4 ni kama mita za ujazo 1.7. Kwa mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne, utahitaji mifuko 11 ya simiti, nunua 12. Sasa sikiliza kipimo, kwa sababu ndicho kinachoibiwa zaidi. Mfuko mmoja wa kilo 50 una ujazo wa kama lita 35, na wilibaro ya kawaida iliyosawazishwa inabeba lita 65 hivi. Kwa hiyo moja kwa mbili kwa nne ni mfuko mmoja, wilibaro moja ya mchanga na wilibaro mbili za kokoto. Ukimsikia mtu akisema "mfuko mmoja, wilibaro mbili za mchanga, nne za kokoto", amesoma namba sawa lakini amekosea chombo. Hilo ni zege la nguvu nusu, na stendi ya katikati ya pikipiki italichimba. Maji nayo yasizidi lita 25 hivi kwa mfuko. Vijana hupenda zege linalotiririka kwa sababu halichoshi mkono, lakini maji ya ziada yakikauka yanaacha vitundu, na vitundu hivyo ndivyo vitakavyokunywa oili.

Sakafu isishikane na ukuta. Weka ubao mwembamba au kipande cha sofbodi kuzunguka pande zote, na katikati ya chumba likatwe mstari wa kina cha inchi moja toka ukuta hadi ukuta. Udongo utacheza tu, huo ndio ukweli wa Kano. Mstari huo unauambia ufa mahali pa kupita. Baada ya kumwaga, mfunike kwa magunia na kuyalowesha asubuhi na jioni kwa siku 7 kamili. Pikipiki ziingie baada ya wiki mbili, na bolti za meza zisubiri wiki nne.

Mwinuko pia. Toka ukuta wa nyuma hadi mlangoni sakafu ishuke kama sentimita 7, na hapo mlangoni, bado ikiwa ndani, kuwe na mfereji mwembamba wenye wavu wa chuma juu. Na kwa kuwa Nyamasaria mnajua mafuriko, hata hapo mlangoni sakafu iwe juu ya uwanja kwa angalau sentimita 15, kisha nje kuwe na mteremko wa zege wa kupandishia. Huenda mkalazimika kukata mlango wa chuma kwa chini. Fundi wa kuchomelea anaumaliza kwa asubuhi moja.

Juu wengi hupiga niru, yaani simiti tupu iliyolainishwa, ili sakafu ing'ae. Kwenye eneo la kazi niru ni nzuri, inafutika. Lakini mlangoni na kwenye mteremko acheni alama za pasi ya mbao, pakwaruze. Niru ikiwa na tone la oili na maji ya mvua ni barafu, na kijana atakuwa ameshika mzigo wa zaidi ya kilo mia moja.

Jambo la mwisho kuhusu udongo: paa liwe na gata, na maji yapelekwe mbali na ukuta au kwenye tangi. Kuzunguka gereji piga aproni ya zege ya upana wa futi tatu. Watu huona hii kama mapambo. Kwenye udongo mweusi ndiyo dawa yenyewe, kwa sababu inazuia udongo wa chini ya jengo usilowe na kukauka kila msimu. Wala msimwage zege mwishoni mwa kiangazi udongo ukiwa umesinyaa kabisa. Mvua zikija utavimba na kuinua kazi mpya. (Ningekuwa namjibu mtu wa Nakuru, ushauri ungegeuka. Kule udongo ni wa majivu ya volkano, mwepesi, na ukilowa hauvimbi bali unadidimia. Lakini gata na aproni ningemwambia vilevile.)

Sasa hewa, na mlango wa jikoni.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi ukatokea dirishani. Unashuka, unatambaa sakafuni na kujikusanya mahali pa chini. Ndiyo sababu ya kuziba shimo. Na ndiyo sababu mlango wenu wa jikoni unanitia wasiwasi kuliko kitu kingine chochote kwenye barua yako. Kijana atafungua kabureta, petroli kidogo imwagike, mvuke utambae chini ya mlango mpaka kwenye jiko la makaa au la gesi. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi kali ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Sembuse Kisumu saa nane mchana chini ya mabati.

Uzibeni mlango huo kwa matofali. Si kwa komeo, si kwa pazia zito. Najua ni mlango wa kupitishia chai, na utazunguka nje ukiwa na sinia. Zunguka.

Kisha ukuta mmoja utobolewe chini, kama sentimita 15 juu ya sakafu, na kuwekwa matofali ya matundu, manne au matano kwa mstari. Ukuta wa upande wa pili utobolewe juu, chini kidogo ya paa. Tundu la chini ni la petroli. La juu ni la joto, na la betri, kwa sababu betri ya asidi ikichajiwa hutoa haidrojeni, na hiyo hupanda. Chaja ikae karibu na tundu la juu, mbali na grainda. Wavu wa mbu nje, Kisumu tena.

Injini isiwashwe ndani mlango ukiwa umefungwa, hata kwa dakika mbili za kusikiliza vali. Moshi wa ekzosi una kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na dalili yake ya kwanza ni kichwa kuuma, jambo ambalo kijana atadhani ni jua. Pikipiki ya kusikilizwa itolewe nje.

Kuna desturi moja ya mafundi wetu ambayo mwanao ameishika Kondele bila shaka, kwa sababu karibu kila fundi anayo: karai la petroli la kuoshea spea, limeachwa wazi siku nzima kando ya miguu. Aiache. Mafuta ya taa ni afadhali lakini si sana. Mvuke wake huanza kuweza kushika moto kwenye nyuzi 38 hivi, na chini ya bati lisilo na dari joto hukaribia huko. Dizeli ni salama zaidi, inasafisha oili vizuri, na kabureta inaweza kupigwa hewa baadaye. Karai liwe na kifuniko cha bati. Petroli inayotolewa kwenye tangi la mteja iwekwe kwenye jerikeni yenye kifuniko cha kukaza, si kwenye chupa ya soda. Chupa ya soda karibu na watoto sihitaji kukueleza, wewe ni mama.

Mtungi wa kuzimia moto uwe wa unga mkavu, kilo 6 au 9, na utundikwe kando ya mlango mkubwa. Nimeona mitungi imetundikwa ukuta wa nyuma kabisa, yaani mtu avuke moto kuifuata. Ndoo ya mchanga iwe pembeni yake. Maji kwenye moto wa petroli yanausambaza tu.

Stima isitolewe sebuleni kwa ekstensheni. Karakana ipate sakiti zake kwenye kisanduku chake kidogo, chenye swichi ya kukata stima mtu akipigwa shoti, ile ya miliampia 30. Soketi zipigwe kwa nyaya za milimita za mraba 2.5 na ziwe juu ya usawa wa meza, mita moja na robo toka sakafuni, kwa sababu ile ile ya mvuke unaotambaa. Kompresa, siku itakapokuja, ipewe soketi yake peke yake. Mota ikianza kuzunguka huvuta stima mara kadhaa zaidi ya inavyovuta ikishatulia, na hapo ndipo taa za nyumba hufifia na mama kupiga kelele. Kama atataka kuchomelea, asichomelee humo ndani. Fundi wa stima awe na leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, na mwambie akuonyeshe. Waya wa athi uzikwe sawasawa: radi za upande huu wa ziwa haziji kwa mzaha.

Taa: si balbu moja katikati. Ukiinama kwenye injini chini ya balbu ya katikati, kivuli chako ndicho unachokitengeneza. Weka mirija miwili ya LED ya futi 4, mmoja kila upande wa meza, na bati moja au mawili ya plastiki yanayopitisha mwanga kwenye paa. Kuta zipakwe nyeupe juu, na chini kwa urefu wa mita moja ziwe rangi ya mafuta ya kijivu inayofutika.

Oili chafu. Maji ya Nyamasaria yanaishia ziwani, na visima vifupi vya mtaani viko karibu kuliko ziwa. Pikipiki moja hutoa karibu lita moja kila ikimwagwa oili, hesabu wiki. Iingie kwenye jerikeni za lita 20 zilizoandikwa, zikae juu ya sinia ya bati, na ziuzwe kwa wakusanyaji wenye kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira. Watakuja watu kuomba wapake nguzo za ua au wamwagie barabarani kuzuia vumbi. Ni jirani, ni vigumu kumnyima, lakini oili hiyo ina chembe za vyuma vilivyosagika ndani ya injini na itashuka kwenye kisima chake mwenyewe.

Ule mfereji wa mlangoni usitoke moja kwa moja nje. Uingie kwenye kisima kidogo cha matofali chenye vyumba viwili, kila kimoja futi mbili kwa mbili kwa kina cha futi mbili, kilichopigwa plasta ndani isiyovuja. Oili huelea juu. Kwa hiyo bomba linalotoka chumba cha kwanza kwenda cha pili, na la pili kwenda nje, liwe na kona inayotazama chini, mdomo wake karibu na kitako. Maji ya chini yanapita, oili inabaki juu, na kijana anaichota kwa kopo. Mtego huu una adui mmoja, sabuni. Sabuni nyingi huvunjavunja oili ikachanganyika na maji na kupita nayo. Kwa hiyo pikipiki zisioshwe hapo. Mteja aoshe kwingine kabla ya kuleta, na oili ikimwagika sakafuni inyunyiziwe maranda ya seremala, ifagiliwe, itiwe kwenye debe lenye kifuniko.

Baada ya hayo, ndiyo, meza. Lakini si ile ya haidroliki ya dukani. Nenda kwa wachomeleaji wa Kibuye na vipimo mkononi. Pikipiki nyingi atakazopokea ni Boxer na TVS, ambazo urefu wake ni karibu mita 2. Jukwaa la pembe za chuma za inchi 2, urefu mita 2.1, upana sentimita 60, kimo sentimita 60 hadi 65, juu mbao nene au bati lenye michirizi. Mbele kuwe na kibano cha gurudumu, pembeni pete nne za kufungia mikanda. Nyuma kuwe na kipande kinachotolewa, ili gurudumu la nyuma lishuke bila kuinua pikipiki nzima. Miguu ya upande wa mlangoni iwe mirefu kidogo kufuata mteremko wa sakafu.

Mtego uko kwenye ramp ya kupandishia. Ramp fupi ina mwinuko mkali na pikipiki itamrudia. Inataka kama mita 2, na mita 2 pamoja na 2.1 zinakula karibu chumba chote cha mita 5.5. Kwa hiyo ramp isichomelewe kwenye meza. Iwe na ndoano mbili, ikishatumika itundikwe ukutani. Meza ikae upande wa kushoto, si katikati, ili upande wa kulia pikipiki ya pili isimame chini na fundi apite. Ya tatu isubiri nje chini ya kibanda. Kijana asijaribu kuingiza nne. Usukani ni sentimita 75 hadi 80 kila mmoja, na asipoweza kuzunguka pikipiki bila kugeuza mabega, ataanza kuangusha tangi za watu.

Kompresa ifuate miezi michache baadaye. Hewa ya pancha ni kazi ya kila siku, najua, lakini pampu ya mguu itamsukuma mpaka hapo. Ikija, afungue koki ya chini kila jioni kumwaga maji. Unyevunyevu wa ziwa hujaa kwenye tangi na kulila kwa ndani, ambako mtu haoni.

Kuhusu karatasi, fanya mapema kuliko sakafu. Ploti yenu ni ya makazi, na sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya 2019 inataka kibali cha kaunti mtu anapobadilisha matumizi. Nenda idara ya mipango ya Kaunti ya Kisumu, eleza kwamba ni karakana ndogo ndani ya ploti ya nyumbani, uulize unachohitaji na ada yake, kisha uulizie leseni ya biashara na ukaguzi wa zimamoto. Kabla ya kwenda, pita kwa majirani wa pande zote mbili. Waambie saa za kazi, na kwamba pikipiki hazitajaribiwa kwenye kichochoro bali kwenye barabara kubwa. Jirani aliyeambiwa mapema huvumilia. Aliyeshtukizwa na mlio wa ekzosi Jumapili asubuhi huandika barua kwa chifu.

Ukibakiwa na hela baada ya sakafu, hewa, stima na meza, mnunulie kijana spana ya kupima nguvu ya kukaza bolti. Ndiyo zana ambayo mafundi wengi wa bodaboda hawana, na bolti za silinda hedi zilizokazwa kwa kubahatisha ndizo zinazorudisha mteja akiwa amekasirika. Soketi za 8, 10, 12, 14 na 17 anazo tayari, nina hakika. Fundi aliyepita Kondele haondoki bila hizo.